Tupa

Nyumba njema si mlango, watu husema,
fungua uingie ndani.
Sisi tuliingia kwa chooni,
miguu mbele, kwa ngazi ya boriti,
mtaa wa Tundani, nyuma ya ukuta
ambao babake bibi yangu aliupaka chokaa
na mnunuzi mpya ataka kuuchimbia tangi la majitaka.
Kabla ya tangi, sheria yasema, waje wa makumbusho.
Wakaja. Wakaniajiri nichekeche,
mia nane kwa siku, na chai.

Choo cha miaka mia hakinuki.
Ni udongo mweusi, laini kama buni iliyosagwa,
na ndani yake vioo.

Kichupa cha wanja, si kikubwa kuliko kidole cha mtoto,
kijiti kimeoza, weusi umebaki.
Ya wino, pembe nne, bega limepasuka.
Ya dawa ya kifua, yenye mistari ya vijiko ubavuni:
kimoja, viwili, vitatu,
na huyo aliyekuwa akikohoa,
aliishia mstari gani?
Shingo ya mrashi, bila tumbo.
Kisha ya soda ya kale, gololi ingali kooni,
nzima.
Hiyo ndiyo iliyonishangaza.
Nyumba gani hii iliyokosa mtoto mtundu
wa kuvunja chupa apate gololi?
Nikaitikisa. Ikajibu, kli,
kama mtu anayemeza alilotaka kusema.

Nekesa, mwanafunzi, kwao Bungoma,
alikaa ukingoni na rejista.
Mimi naita, yeye aandika.
Siku ya kwanza aliniuliza kwa upole
mbona kila nikipata kitu namwamrisha akitupe.
Nilicheka mpaka chekeche likamwagika.
Kwetu Amu, nikamwambia, chupa ni tupa.
Nchi ni nti. Mchanga ni mtanga.
Hatuzitupi, twazitaja.
Akaandika kiganjani kwa kalamu: tupa ni chupa.
Hakukosea tena.

Siku ya nne, saa tano, jua limesimama juu ya shimo,
mwiko uligonga bega la kijani.
Mraba. Nene. Mabega ya askari.
Herufi za Ulaya zimevimba kifuani,
na hata mimi nisiyejua kuzisoma nilijua
haikuwahi kubeba sharubati.
Kizibo kilikuwa mahali pake.
Ililazwa, haikuangushwa;
mtu aliinama hapa, usiku, akailaza.

Babake bibi alikuwa khatibu.
Khatibu Shekuwe: picha yake iko sebuleni,
kilemba, fimbo, macho yasiyokubali mzaha.
Kwa jina lake mpaka leo tunakopeshwa sukari.

Nikasema: Tupa!

Ni neno lilelile. Lakini sauti ilinitoka vingine,
na Nekesa akainua uso akanitazama,
akatazama kiganja chake, kilichokwisha kuoshwa,
akanyoosha mkono, akaipokea,
akaitupa.
Ikavuka kifusi, ikapiga jiwe la tumbawe.
Bwana Ngowa akauliza kutoka kivulini, nini hicho?
Nekesa akasema: lugha, bwana. Nimekosea lugha.
Akakatwa mshahara wa nusu siku.
Rejistani, namba kumi na tisa
inafuatwa na ishirini na moja.

Mpaka sasa sijui
kama nilitaja au niliamuru.
Nekesa hajaniuliza. Tumekunywa chai
kikombe kimoja, bila kutazamana.

Jioni, bibi, aliyesikiliza mwiko kutwa nzima
kupitia ukuta wa jirani,
aliniita kabla sijavua viatu.
Mpeteni yeo?
Gololi, nikasema. Ndani ya tupa ya soda.
Akanyamaza. Akapangusa miwani kwa ncha ya leso,
ingawa miwani haimsaidii tena.
Hiyo nilinyimwa, akasema. Nililia siku mbili.
Kisha, polepole, kama anayeulizia wageni waliochelewa:
Na zile za kijani?

Kesho tunashuka nusu mita nyingine.